Sura ya Tatu: Mjue Shore Kwanza

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, muadhini akiwa amekwisha nyamaza na majogoo wamechoka kushindana, kuna sauti moja inayobaki uani. Ni mbinja fupi ya vipande vinne au vitano, laini kama maji yanayomiminwa mtungini, halafu kimya, halafu tena. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa na nyumba Tanga yenye mwembe mmoja na mpera mmoja, aliisikia ikisema: "Chota maji, upesi!" Sisi wajukuu ndio tuliokuwa tukichota maji. Ndege huyo tulimchukia kabla hatujamwona.

Baadaye nilimwona, na nikaendelea kumwona kila siku kwa miaka. Alitoboa mapapai yetu, alioga kwenye beseni lililosahauliwa chini ya bomba, alitua kwenye kamba ya nguo. Nikajihesabu kuwa namjua. Mpaka siku moja mgeni wetu, mwalimu mstaafu wa baiolojia, akiwa na kikombe cha chai mkononi, akauliza yule ni ndege gani.

"Ni ndege tu," nikamjibu. "Wa pale kwenye mpera."

"Chini ya mkia ana rangi gani?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Ndege mwenyewe alikuwa ameshakwenda zake. Niliishi naye ua mmoja zaidi ya miaka ishirini na nilishindwa kujibu swali ambalo mtoto aliyemtazama kwa nusu dakika angelijibu. Mwalimu hakunicheka. Alisema tu kwamba atakunywa chai yake taratibu, maana ndege wa namna ile hakai mbali muda mrefu. Na kweli, kabla kikombe hakijaisha, ndege alirudi, akatupa mgongo, akainua mkia. Njano! Njano kali, kana kwamba amekalia sahani ya manjano jikoni.

Huyo ndiye shore. Wengine humwita shorewanda. Sura hii yote ni yake, kwa sababu ambayo niliielewa polepole tangu siku ile: anayetaka kuwajua ndege aanze na yule aliyemzoea mpaka hamtazami tena.

Kwa nini yeye

Wengi huanzia kwenye kitabu. Wanakifungua kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe kilichotoka mwaka 2002, kinachohusu Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na wanakutana na zaidi ya spishi 1,300. Kurasa za mwanzo zinafurahisha: mbuni, flamingo, korongo, tai. Kisha zinakuja kurasa za ndege wadogo wa kahawia, ukurasa baada ya ukurasa, na mtu anakifunga kitabu akijiambia kazi hii ni ya wataalamu wenye magari na kofia pana.

Shore anakuondolea hofu hiyo. Yupo karibu kila mahali penye miti: mijini, mashambani, kwenye ua wa michongoma, kando ya mto, pembezoni mwa msitu. Jamaa yake inaenea Afrika nzima, kutoka Morocco hadi Afrika Kusini, ikiacha majangwa makavu kabisa na vilindi vya msitu mnene. Hahami na misimu. Ndege wengi wanaotutembelea kutoka Ulaya na Asia hufika kati ya Septemba na Novemba na kuondoka kufikia Aprili, lakini shore ukimkosa leo utampata kesho, mwezi wowote. Isitoshe hana woga mwingi. Atakuvumilia ukiwa hatua kumi kutoka kwake, mradi usimkodolee macho kama paka.

Kuna faida nyingine inayopita hizo. Ukimjua shore barabara, unapata kipimo. Fundi seremala huwa hapimi kila ubao kwa macho. Anao ubao mmoja anaouamini, na mingine yote anailinganisha nao. Shore ndiye ubao huo. Kuanzia hapo, kila ndege mgeni atakayetua uani utamuuliza: wewe na shore mnatofautiana wapi?

Maswali matano

Mwanafunzi wa ndege hukimbilia rangi. Ni kosa la kawaida, na jua letu linalichochea. Saa sita mchana mwanga unatoka juu moja kwa moja, tumbo la ndege linakuwa kivuli kitupu, na aliye juu ya waya wa umeme anaonekana mweusi hata kama ni wa kijani. Kwa hiyo rangi tutaiweka ya tatu. Yafuate maswali kwa mpangilio huu, na shore awe mfano wetu.

*La kwanza: ana ukubwa gani?* Usijaribu kukisia sentimita. Linganisha na ndege unaowajua. Shomoro wa kwenye paa ana urefu wa sentimita 14 au 15, kuanzia ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Kunguru wa mjini anakaribia 40. Shore ana kama 18 au 19: mkubwa kuliko shomoro kwa kuonekana wazi, lakini hafikii nusu ya kunguru. Ukiwa na watatu hawa kichwani, unaweza kumweka ndege yeyote mahali pake: "Mkubwa kuliko shomoro, mdogo kuliko shore." Sentensi hiyo tu imeshakupunguzia nusu ya kitabu.

*La pili: ana umbo gani?* Mtazame kama kivuli kwenye pazia. Shore ni mwembamba, mkia wake ni mrefu kiasi, mdomo mfupi mweusi uliopinda kidogo sana kwenda chini. Utosini manyoya yanasimama kidogo, kishungi cha haraka kama cha mtu aliyeamka bila kuchana nywele. Mdomo ni ushahidi mkubwa kuliko rangi yoyote, maana unaonyesha ndege anakula nini. Shomoro na chiriku wana midomo minene ya kuvunjia mbegu. Chozi ana mdomo mrefu uliopinda wa kufyonzea maua. Wa shore haukujifunga kwenye kazi moja: unatoboa tunda, unakamata mdudu, unaonja ua. Ni mdomo wa mtu asiyechagua chakula.

*La tatu: rangi zipo wapi?* Nasema wapi, maana neno "kahawia" peke yake halikusaidii. Ndege ana mwili wenye sehemu, na macho yako yapite sehemu hizo kwa utaratibu uleule kila mara: kichwa, mgongo, kifua, tumbo, chini ya mkia. Shore ana kichwa cheusi kinachofifia kuwa kahawia kufikia shingoni, mgongo na mabawa ya kahawia ya vumbi, kifua cha kahawia kinachochujuka, tumbo jeupe. Halafu ile njano chini ya mkia. Dume na jike wanafanana, kwa hiyo usijisumbue kuwatenganisha. Kinda aliyetoka kiotoni karibuni huwa amepauka kidogo na ana wekundu wa kutu mabawani.

*La nne: anafanya nini?* Kila ndege huruka kwa ubawa wake, walisema wahenga, na mtazamaji anaweza kuuchukua usemi huo kama ulivyo. Shore hewani hupanda na kushuka kidogo, kama ngalawa kwenye mawimbi madogo. Anapenda kutua mahali pa wazi, juu ya kichaka au kwenye tawi la pembeni, na akishatua huinua mabawa nusu na kuyashusha huku akisema neno, hasa mwenziwe akiwa karibu. Huwa wawili wawili. Penye tunda lililoiva wanakusanyika wengi, na hapo pana kelele kama za soko la samaki. Kumbikumbi wakitoka ardhini baada ya mvua za kwanza, utamwona shore akiruka kutoka tawini, akidaka mmoja hewani, akirudi.

*La tano: yuko wapi, na ni lini?* Ndege ni kama watu. Kila mmoja ana mtaa wake. Ukiona ndege wa ukubwa wa shore akipanda shina la mti kama fundi wa minazi, huyo si shore. Akitembea chini kwenye majani makavu akiyapekua, pia si yeye, ingawa shore hushuka chini kuokota. Andika mahali, saa na mwezi, kila mara. Ni habari inayoonekana ya bure, lakini baada ya mwaka mmoja ndiyo itakayokufaa kuliko michoro yote.

Wanaomfanana

Pwani na nyanda zake kuna ndugu yake anayewachanganya wengi. Ni wa jamii moja naye, ukubwa unakaribiana, lakini rangi yake ni ya kijani cha zeituni iliyopoa, na jicho lake ni la rangi ya maziwa, limetoka wazi usoni. Hana kichwa cheusi, hana njano chini ya mkia. Ana sauti kali ya kukatisha maneno, inayotoka katikati ya kichaka, wakati mwenyewe haonekani. Mfaransa Vieillot alipompa jina la kisayansi mwaka 1818 alimwita *importunus*, yaani msumbufu, na aliyewahi kumtafuta ndani ya kichaka nusu saa nzima atakubaliana naye. Tofauti ya kwanza haipo kwenye manyoya: shore anakuja mbele ya watu, huyu anajificha na kupiga kelele.

Yupo ndege mwenye kishungi na mkia mrefu mwembamba kama wa panya, anayetembea na kundi lake kwenye miti ya matunda. Kwa mbali, kishungi chake kinakudanganya. Tazama mkia: wa huyo unazidi mwili wake kwa urefu, na anapokaa hujinyonga tawini, tumbo likielekea jua. Shore hakai hivyo hata siku moja.

Kati ya Oktoba na Machi anapita mgeni mdogo wa kijivu-kahawia kutoka Ulaya, mdaka nzi mwenye michirizi kifuani. Anakaa wima kwenye tawi tupu, anachomoka kumdaka mdudu, anarudi palepale alipotoka. Shore naye akidaka kumbikumbi hufanya hivyo hivyo. Hapo ndipo kipimo chetu kinapofanya kazi: mgeni ni mdogo kama shomoro, hana kishungi, na yuko peke yake, kimya.

Mwisho ni wale wa nyumbani kwa shore mwenyewe. Ukisafiri maeneo makavu ya kaskazini na mashariki ya Kenya, utamkuta shore mwenye doa jeupe nyuma ya sikio na kifua chenye mabaka, kichwa cheusi kikijitenga wazi na mwili. Ni shore? Wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 1789 mwanasayansi wa Ufaransa, Desfontaines, alimwelezea ndege wa karibu na Algiers na kumwita *barbatus*, neno la Kilatini la mwenye ndevu. Ndevu zenyewe utazitafuta usizione. Mwaka 1862 Hartlaub, Mjerumani, akampa shore wa Kongo jina la *tricolor*, mwenye rangi tatu. Orodha nyingine za leo zinasema wote ni spishi moja yenye sura nyingi, nyingine zinawatenga wa kaskazini, wetu wa mashariki na kusini, na yule wa maeneo makavu. Usikoseshwe usingizi na mzozo huo. Katika daftari andika ulichokiona: "Doa jeupe sikioni, njano chini ya mkia." Majina yakibadilika, macho yako yatakuwa bado yana haki.

Masikio

Katika nchi ya miti mingi utawasikia ndege kumi kabla ya kumwona mmoja. Kwa bahati, shore ni mwalimu mzuri hapa pia, kwa kuwa ana lugha mbili zilizo mbali sana.

Ya kwanza ni ile mbinja ya alfajiri, ambayo yeye ni mmoja wa ndege wa mwanzo kuianza. Kila nyumba inaweza kuitafsiri itakavyo. Kwa bibi ilikuwa "chota maji, upesi". Jirani yetu aliyekuwa na duka alidai inasema "lipa deni lako". Usiucheke mchezo huu. Ni njia ya kale na bora ya kukariri sauti, kwa sababu maneno yana mapigo na mapigo hayasahauliki. Tunga maneno yako mwenyewe, ya lugha unayoiota usiku. Ya mtu mwingine hayatakukaa.

Lugha ya pili ni ya ugomvi: che-che-che-che, kavu, ya haraka, isiyokoma. Hii ndiyo ya kujifunza kwanza kama una watoto wanaocheza chini ya miti. Shore akimwona nyoka tawini, paka chini ya ua, au bundi aliyejibanza mchana, hupiga kelele hiyo akimzunguka, na wenzake huja kumsaidia, hata ndege wa jamii nyingine. Bibi hakujua jina la Kilatini la ndege yeyote, lakini akisikia shore watatu wanagomba mahali pamoja, alituita ndani na kumtuma mjomba na fimbo. Mara nyingi alikuwa paka. Mara moja alikuwa nyoka wa kijani, mrefu kama kamba ya ndoo, na tangu siku hiyo hakuna aliyebishana naye.

Kwa mtazamaji, ugomvi huo ni mwaliko. Nenda polepole, simama mbali, tazama wanakotazama wao. Bundi wengi niliowahi kuwaona mchana nimeonyeshwa na shore.

Ziko sasa programu za simu zinazosikiliza na kukutajia jina, kama Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell. Zitumie kama unavyomtumia mpita njia kuuliza njia: shukuru, kisha hakikisha kwa macho yako. Programu haijui kwamba uko Tanga na si Tarime usipoiambia, na haitakuwa na aibu ikikosea.

Mwaka wa uani

Ukishamtambua, usimwache. Hapa ndipo wengi wanapopoteza utamu: wanaandika jina, wanaweka alama ya vema, wanahamia kwa mwingine. Mfuate shore mmoja, au jozi moja, kwa mwaka mzima, na utaona ua wako upya.

Utaona anavyopanda miti. Anameza tunda dogo zima, anaruka, na mbegu inatoka mahali pengine pamoja na mbolea yake. Mwarobaini, mti uliotoka Asia na sasa umejiotea kila mahali pwani, haukutembea kwa miguu. Ndege wala matunda, shore akiwa mmojawao, waliubeba. Vivyo hivyo ile mimea ya mapambo yenye vishada vya maua ya rangi nyingi na tunda jeusi, lantana, ambayo imegeuka kuwa gugu mashambani. Kwa hiyo shore ni mkulima asiyechagua mbegu: anarudisha mti wa asili penye pori lililokatwa, na siku hiyohiyo anapanda gugu kwenye shamba la mihogo. Mkulima wa matunda anamlaumu kwa papai lililotobolewa upande mmoja, na ana haki. Mkulima huyohuyo amshukuru pia kwa viwavi wanaobebwa mdomoni kupelekewa makinda.

Utaona kiota. Ni kikombe kidogo cha vijiti na mizizi myembamba, kimefumwa vizuri lakini ni chepesi kiasi kwamba wakati mwingine mwanga unapenya, kimewekwa kwenye panda ya tawi ndani ya majani. Mayai ni mawili au matatu kwa kawaida, ya weupe wenye wekundu mdogo, na madoadoa. Yanaatamiwa kwa wiki mbili hivi, na makinda hutoka kiotoni baada ya wiki mbili nyingine, pengine pungufu. Ukikipata, kitazame mara moja kwa mbali na uondoke. Usiyafungue majani ili upige picha. Kunguru wanakutazama wewe. Yule kunguru mwenye shingo ya kijivu aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, na ambaye leo ameijaza pwani yetu, hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na hahitaji kuonyeshwa mara mbili. Ukitaka kuwasaidia shore mjini, acha michongoma yako iwe minene na funika pipa la taka. Kunguru hufuata taka kwanza.

Na ukibahatika utaona ulaghai. Yuko kekeo mmoja wa rangi nyeusi na nyeupe, mwenye kishungi na mkia mrefu, ambaye hajengi. Jike lake hutaga ndani ya kiota cha shore na kwenda zake. Wenye nyumba wanaatamia, wanalisha, na kinda la kekeo linakua kuwapita walezi. Ukimwona shore amesimama kwenye tawi akimlisha kinda linalomzidi kimo, usifikiri macho yako yameharibika. Andika tarehe.

Zana

Daftari na kalamu ya risasi, maana wino wa kalamu hutiririka mvua ikinyesha. Darubini inasaidia lakini uani si lazima. Ukiinunua, tafuta iliyoandikwa 8x42: namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na lenzi pana ndiyo inayokupa mwanga alfajiri. Kuliko ya kukuza mara 20 inayotetemeka mkononi, heri hii.

Kama hutaki kujifunza peke yako, watafute wenzako. Nairobi kuna matembezi ya asubuhi ya kila Jumatano ya kutazama ndege, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno tangu miaka ya 1970, na watu wengi ambao leo ni waongozaji na watafiti walianza kwa kufuata msafara huo wakiwa hawamjui hata shore. Sikuwa na bahati hiyo. Mimi nilikuwa na mwalimu mstaafu na kikombe cha chai, na ilitosha.

Shangazi na shore wa Muscat

Nimalizie na mtihani, kwa sababu maarifa yasiyojaribiwa ni mapambo.

Shangazi yangu anaishi Muscat tangu kabla sijazaliwa. Mwaka jana alinitumia sauti kwenye simu, amefurahi kweli. "Mwanangu, shore wetu amenifuata huku! Yuko kwenye mkunazi, kichwa cheusi, kishungi, na anasema kama yule wa bibi yako."

"Shikamoo shangazi," nikamwandikia. "Chini ya mkia ana rangi gani?"

Kimya cha siku mbili. Nilijua kimya hicho. Niliwahi kukinyamaza mimi.

Oman, kweli, ina shore mwenye njano chini ya mkia. Ni ndugu wa karibu wa wetu, ana duara jeupe kuzunguka jicho kama mtu aliyevaa miwani, na jina lake la kisayansi, *xanthopygos*, ni la Kigiriki na linamaanisha mwenye njano nyuma. Nilitumaini ni yeye. Siku ya tatu shangazi akajibu: "Nyekundu. Nimeshuka mpaka bustanini kuhakikisha. Nyekundu kama pilipili."

Basi hakuwa wa Oman, wala hakuwa wetu. Alikuwa shore wa Bara Hindi, ambaye watu walimfuga vizimbani, akatoroka au akaachiliwa, na sasa anazaliana katika miji ya Ghuba. Amefika pia visiwa vya Pasifiki, na ameorodheshwa miongoni mwa spishi vamizi 100 mbaya kabisa duniani. Kati ya ndege, wako watatu tu katika orodha hiyo. Jina lake la kisayansi lina kichekesho. Linnaeus alipompa jina mwaka 1766 alimwita *cafer*, akidhani ametoka Afrika Kusini, wakati huku barani kwetu si kwao kabisa. Hata bingwa wa majina wa dunia nzima alikosea nyumbani kwa shore.

Nilimweleza shangazi yote hayo. Nilidhani atahuzunika kwamba si yule wa mpera wa bibi. Akaniuliza swali moja tu: kama wale wa njano wenye miwani nao wapo, atawapata wapi? Nikamwambia ajaribu nje kidogo ya mji, kwenye bustani za mitende na mabonde yenye miti, asubuhi mapema.

Wiki mbili baadaye ikaja sauti nyingine. Haikuwa na salamu wala utangulizi. Alikuwa akinong'ona, na nyuma yake ilisikika mbinja. "Miwani anayo. Njano ipo. Na mwingine yule wa bustanini, ulisahau kuniambia, ncha ya mkia wake ni nyeupe. Nimeiona mwenyewe."

Nilifungua kitabu kuhakikisha. Ni nyeupe.